Mizani Mbele ya Watu

 

Leo nazungumza juu ya maadili na pesa. Nawasikia wengine wakiguna: "Haya, mawaidha hayo!" La. Mawaidha tunayapata Ijumaa na Jumapili, na wanaoyatoa wana elimu nisiyokuwa nayo. Swali langu ni la sokoni. Kwa nini watu wa dini moja, wa kabila moja, hata waliozaliwa tumbo moja, hapa wanauziana kwa haki na pale wanapunjana? Ikiwa imani ni ile ile na malezi ni yale yale, kinachobadilika ni nini?

Nitakupa jibu langu mapema, kisha tulipime pamoja. Maadili ya uchumi hayakai moyoni peke yake. Yanataka shughuli ifanywe mbele ya watu, na watu hao wawe na uwezo wa kusema "hapana" bila ya kuogopa kulala na njaa. Panapokosekana shahidi wa namna hiyo, hata mtu mwema huanza kuteleza. Na akiwepo, hata mchoyo hujirekebisha.

Twende Munje, katika pwani ya Msambweni, kaunti yetu ya Kwale. Nimeichagua Munje kwa sababu ni mji wa wavuvi, na biashara ya samaki haina pazia. Vyombo vinaingia, samaki wanateremshwa, wanapimwa, wananunuliwa, pesa zinagawanywa, na kila hatua inapita mikononi mwa watu wanaojuana majina na nyumba. Anayetaka kuona jinsi maadili yanavyoingia katika uchumi hana haja ya kwenda chuo kikuu. Asimame tu pale bandarini vyombo vikirudi.

Kabla samaki hawajafika mizanini, kuna kitoweo. Huyu anampelekea mama yake, yule anampa mzee aliyesaidia kuvuta chombo, mwingine anamkumbuka jirani mjane. Kitoweo hakipimwi. Akija mchumi aliyefunzwa kuhesabu tu kilichouzwa, atasema hiyo ni hasara. Lakini baharia anajua kwamba siku atakapokuwa kitandani na homa, kitoweo kitabisha hodi kwake. Hiyo ni bima yake, na ada yake ameilipa kwa samaki.

Baada ya hapo ndipo mizani. Samaki wakishauzwa, hutolewa kwanza gharama: mafuta ya injini kama chombo kina injini, barafu, chakula cha baharini. Kinachobaki hukatwa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha na mabaharia wana yao. Mafungu hutofautiana kutoka bandari moja hadi nyingine, lakini kila baharia anayajua ya kwao bila kusoma popote. Na pembeni wanangoja mama karanga na beseni zao. Hao ndio wanaonunua samaki wadogo, wawakaange, wawachuuze jioni kando ya barabara, ili mwenye shilingi chache naye apate mboga ya ugali wake.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, ambalo ni tajiri. Kwenye pwani yetu, tajiri ni yule anayenunua samaki na ambaye, mara nyingi, ndiye aliyetoa pesa za nyavu, za injini, au za chombo kizima. Kusi likivuma, kuanzia karibu mwezi wa Aprili, bahari huchafuka. Wenye hori na vyombo vidogo hawawezi kuvuka mwamba. Mtoto anadaiwa ada shuleni, mama mkwe anaumwa, na benki haimkopeshi mtu ambaye dhamana yake ni upepo. Anayefungua mlango wakati huo ni tajiri. Anatoa, wala haombi hati ya shamba. Sharti lake ni moja tu: samaki wako niletee mimi, na bei ni yangu.

Wapo wanaoliita jambo hili dhuluma tupu, na wapo wanaoliita huruma. Naona wote wana haki ya kusema hivyo. Ni kweli kwamba bila tajiri nyumba nyingi zingelala njaa wakati wa kusi. Tena ni kweli kwamba kaskazi likirejea, bahari ikatulia na samaki wakapatikana, yule mvuvi huuza kwa bei ya chini kuliko jirani yake asiyedaiwa. Tena tajiri mwenyewe anabeba hatari: chombo huzama, mvuvi huhama, samaki huoza barafu ikikosekana. Kumgeuza tajiri kuwa shetani hakutusaidii kitu.

Kosa, kwa maoni yangu, halimo katika kukopeshana. Limo katika mambo matatu yanayoambatana na mkopo huu. La kwanza, bei haijulikani siku ya kukopa. Inatajwa siku ya kulipa, na anayeitaja ni mmoja. La pili, deni halina mwisho. Mvuvi anapunguza kidogo, kusi linarudi, anakopa tena, na mwaka wa tano hakuna ajuaye ni kiasi gani kimelipwa. La tatu, hapana mtu wa tatu aliyesikia makubaliano. Wawili wanaachana gizani, na ukizuka ubishi, neno la mwenye pesa ndilo linalosimama.

Hapo wengi hujibu: "Sisi ni ndugu, tunaaminiana. Ya nini kuandikiana kama watu wa mahakamani?" Msikilizaji, Munje na miji mingi ya jirani ni miji ya Kiislamu, kwa hiyo acha niwajibu kwa kitabu wanachokijua. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Sura al-Baqara. Haihusu peponi wala motoni. Inahusu deni. Inaagiza deni la muda liandikwe, aandike mwandishi mwadilifu, waitwe mashahidi, wala watu wasione uzito kuliandika likiwa dogo au kubwa. Na wanaoambiwa hivyo ni waumini. Hawakuambiwa kwamba imani yao inatosha. Tena Sura ya 83, al-Mutaffifin, imepewa jina la wale wanaopunja vipimo. Basi anayesema kwamba kuandikiana ni kutoaminiana anajifanya mcha Mungu kupita maagizo yenyewe.

Mtu mwingine ataniambia: "Biashara ni biashara. Maadili hayajazi tumbo." Huyu naye tumjibu kwa hesabu, kwa sababu ndiyo lugha yake. Samaki hangoji. Mizani ikiwa haiaminiki, mnunuzi analeta ya kwake, muuzaji anataka ya kwake, wanabishana, jua linapanda, na samaki analegea mikononi mwao. Tajiri asiyemwamini baharia wake humweka mtu wa kumchunga, na huyo naye anataka kulipwa. Baharia asiyemwamini tajiri huuza nusu ya samaki huko huko baharini kabla ya kufika pwani. Kila uongo una mshahara wake, na mshahara huo hukatwa katika bei ya samaki. Adam Smith, Mskoti anayetajwa kama baba wa elimu ya uchumi wa soko, aliandika kitabu kizima juu ya hisia za maadili mwaka 1759, miaka 17 kabla ya kile cha utajiri wa mataifa. Hata yeye hakuona kwamba soko linaweza kusimama bila watu wanaohofia kuonekana wabaya mbele ya wenzao.

Basi tumepata nguzo ya kwanza: kuonekana. Lakini kuonekana na nani?

Mwaka 2009 mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi alikuwa Elinor Ostrom wa Marekani. Kabla yake, wasomi wengi waliamini kwamba mali ya wote, kama malisho, msitu au bahari, lazima itaharibiwa, kwa kuwa kila mtu atachuma awezavyo kabla mwenzake hajamtangulia. Wakasema dawa ni mbili tu: serikali iitwae, au igawiwe watu binafsi. Ostrom akakusanya habari za wavuvi, wafugaji na wakulima wa nchi nyingi, akaonyesha njia ya tatu. Wapo watu waliotunza mali yao ya pamoja kwa vizazi, kwa sheria walizojiwekea wenyewe, kwa walinzi wanaowajibika kwao, na kwa adhabu inayoanza ndogo na kukua kwa anayerudia kosa. Mzee yeyote wa Kidigo angemwambia: "Mwanangu, hayo ni yetu." Na ni kweli. Makaya yetu, ile misitu yetu mitakatifu, Kaya Kinondo pale Diani ikiwemo, yasingesimama hadi leo kwa ulinzi wa askari wa misitu peke yake. Yalisimama kwa sababu kukata mti mle kulikuwa na mwenye kuuliza.

Serikali yetu nayo, kwa kanuni za mwaka 2007, iliunda vikundi vya kusimamia fuo, vile tunavyoviita BMU. Shabaha ilikuwa nzuri: wenye vyombo, mabaharia na wachuuzi wakae meza moja, waandikishe vyombo, watunze bandari, waamue mizozo. Ni shahidi wa pamoja, kwa maneno yangu. Mahali kilipo hai, kikundi hiki kinafanya kazi ambayo hakuna polisi angeiweza.

Lakini hapa ndipo penye mtego, na naomba unisikilize vizuri.

Mwaka 1972 msomi wa Kiingereza, David Parkin, alitoa kitabu juu ya ndugu zetu Wagiriama wa Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Kinahusu minazi, tembo la mnazi na mashahidi. Minazi na mashamba yalinunuliwa kwa ushahidi wa wazee, si kwa hati. Mzee ndiye aliyejua mnazi huu ulikuwa wa nani, ukauzwa lini, kwa nani. Utaratibu mzuri kabisa, au sivyo? Lakini Parkin akaona jambo lingine. Wakulima waliokuwa wakikusanya minazi na mashamba walikuwa na haja kubwa ya wazee hao, wakahakikisha wanawakirimu na kubaki nao vizuri. Polepole minazi ikahamia mikononi mwa wachache, na mila yenyewe ndiyo iliyotia muhuri.

Hilo ndilo somo ninalotaka ulichukue leo. Shahidi peke yake hatoshi. Shahidi asile kwa yule anayemshuhudia.

Sasa lipime hilo kwa mambo yetu ya kila siku. Mwenyekiti wa kikundi cha ufuo akiwa naye anadaiwa na tajiri mkubwa wa bandari, atasema nini mizani ikipunja? Mama karanga anayechukua samaki kwa mkopo asubuhi na kulipa jioni, atathubutu kusema bei si ya haki? Hao wote wanaona. Macho wanayo, ila midomo imewekwa rehani. Na mji ambao kila shahidi wake ana deni kwa mtu mmoja, mji huo una sheria moja tu, ambayo ni hali ya moyo wa mtu huyo asubuhi ile.

Siasa zetu zimeijua siri hii kwa muda mrefu. Harambee ilianza kama njia ya watu kuchangiana kujenga shule na zahanati. Ikawa jukwaa la mwanasiasa kuja na bahasha. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ikaiwekea mipaka, na mwezi wa Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais William Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena. Tangazo si kitu, msikilizaji, tukiwa sisi wenyewe bado tunamuuliza mgombea: "Mheshimiwa, umetuletea nini?" Mpiga kura ndiye shahidi mkuu wa matumizi ya kodi. Akishakula bahasha, ushahidi wake umenunuliwa kwa bei ya unga wa siku mbili, na barabara mbovu ya miaka 5 hana tena uso wa kuidai.

Kuna upande wa pili wa mtego, nao ni wa kihistoria. Tusijidanganye kwamba uaminifu na maadili ni kitu kimoja. Katika karne ya 19, matajiri wa Unguja walikopeshana bidhaa za thamani kubwa ajabu. Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi, alimkopesha Hamed bin Muhammed al-Murjebi, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Tippu Tip, na Tippu Tip akaenda bara hadi Kongo, akakaa miaka, akarudi, akalipa. Hapakuwa na simu wala benki. Ahadi zilivuka ziwa Tanganyika na kurudi. Ukitaka mfano wa kutimiza ahadi, huo hapo. Lakini ndani ya biashara ile mlikuwa na pembe za ndovu na mlikuwa na watu. Kusini ya Munje, kule Shimoni, lipo pango ambalo wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja chombo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba alioutia sahihi Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873, chini ya shinikizo la Waingereza. Hadi siku hiyo, waungwana walikuwa waaminifu wao kwa wao, na aliyeuzwa hakuwa na kiti barazani.

Kwa hiyo, kila tukisifu uaminifu wa soko fulani, tuulize: nani hayumo katika duara? Nani anauzwa, au anapunjwa, wala hakuitwa kushuhudia?

Pale ufuoni wa kwanza ni mtoto ambaye hajafika umri wa kwenda baharini. Tunampunja samaki wake wa kesho: juya, wavu unaokokotwa chini, linazoa kila kitu, changu na tafi wa ukubwa wa kidole, na kupura majani ya bahari wanamokulia. Kenya ilipiga marufuku juya na bunduki za kuvulia mwaka 2001. Marufuku ya karatasi ni rahisi. Mvuvi anaambiwa aache nyavu anazozijua, na chakula cha jioni hakikuandikwa katika tangazo. Hata hivyo, njia zipo. Kwenye pwani hii hii ya Kenya watafiti wamejaribu malema yenye upenyo wa kutokea samaki wachanga. Wadogo walitoka, wakubwa wakabaki, na kipato cha mvuvi hakikuanguka. Huo ni ukarimu kwa mtoto wa kesho usiomfilisi baba wa leo. Tunahitaji maadili ya namna hiyo, yanayokaa ndani ya chombo cha kazi, ili mtu asihitaji kuwa walii kila alfajiri.

Wa pili ni mgeni. Kaskazi hutuletea wavuvi wa Pemba wanaopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, katika fuo zetu. Ni utaratibu wa zamani, na wajomba zetu nao walikwenda dago kwao. Siku hizi kuna magomvi juu ya nyavu zao kubwa, na magomvi mengine yana haki. Lakini tazama jinsi tunavyosema. Mgeni akivua kwa nyavu mbovu tunamwita mwizi wa bahari. Tajiri wa hapa hapa anayemnunulia mgeni huyo samaki, tena kwa furaha, tunamwita bwana. Kama sheria ni ya bahari, imhusu anayevua na anayenunua.

Na wa tatu katika wasiohesabiwa ni mama karanga. Tajiri mwenye jokofu na gari la kupeleka Diani, kwenye mahoteli, huchukua wakubwa, na siku hizi hata wadogo wakipata soko. Mama anabaki na makombo au habaki na kitu. Tusisahau kwamba yeye ndiye anayelisha mji. Pweza aliyepelekwa hotelini huleta pesa, ni kweli, na pesa tunazihitaji. Lakini mji unaouza samaki wake wote kwa mgeni na kuwalisha watoto wake sukuma kavu umefanya hesabu ya nusu.

Sasa ngoja nizungumze na vijana, kwa sababu nyinyi mtaniambia kwamba tajiri amepitwa na wakati. Tajiri wenu yuko mfukoni. M-Pesa ilikuja mwaka 2007, na nyuma yake ikaja mikopo ya simu, unabonyeza mara mbili tatu na pesa zimeingia. Hakuna wa kumwangalia usoni, hakuna wa kumbembeleza. Uhuru, sivyo? Lakini mnakumbuka ilivyokuwa. Kijana akichelewa kulipa, wakopeshaji wengine walikuwa wanapiga simu kwa kila jina lililo katika simu yake: kwa shangazi, kwa mwajiri, kwa mchumba. "Mtu wako ni mdaiwa." Waliwageuza jamaa kuwa mashahidi wa upande mmoja, mashahidi wasioruhusiwa kusikia kwamba kijana aliumwa, au kwamba riba ilishapita mkopo wenyewe. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zikapiga marufuku aibu ya namna hiyo na kuwataka wakopeshaji hao wawe na leseni. Vizuri. Tofauti ya shahidi na mzushi ndiyo hiyo: shahidi amesikia pande zote mbili, na anaweza kumkemea mdai kama anavyomkemea mdaiwa. Yule tajiri wa Munje, pamoja na makosa yake yote, anakutana na mkeo sokoni. Programu ya simu haina wa kukutana naye.

Hadi hapa nimelaumu sana. Je, upo mfano mzuri? Upo, tena ni jirani. Panda kaskazini kidogo hadi Gazi. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na kuuza nje hesabu ya hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo imeizuia. Pesa zimeingia katika maji ya bomba na vifaa vya shule. Mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wengine hawapendi biashara hiyo ya hewa, wanasema tajiri wa Ulaya ananunua ruhusa ya kuendelea kuchafua, na hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini mimi natazama utaratibu wa ndani. Mti haukubaliki kuwa umesimama kwa neno la mwenyekiti. Kuna vipimo, kuna wakaguzi wasioishi Gazi wala kulishwa na Gazi, na matumizi ya pesa hujadiliwa na wanakijiji wenyewe. Shahidi wa ndani na shahidi wa nje, na hakuna anayekula kwa mwenzake.

Linganisha na mchanga wetu. Kampuni ya Base Titanium ilichimba madini ya mchangani hapa Kwale kuanzia mwaka 2013, ikasimamisha uchimbaji Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa. Namba nzuri, zimeandikwa wazi. Lakini miaka ilipita, mchanga ukisafirishwa meli kwa meli, huku wanakijiji wakiuliza fungu lao liko wapi. Maandishi yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu aliyesimama mizanini kwa niaba yao, mwenye haki ya kuona hesabu mwezi kwa mwezi na nguvu ya kusimamisha gari lisipite.

Msikilizaji, muda wangu unayoyoma, kwa hiyo niseme ninachokitaka.

Kwa BMU za Munje, Mkunguni, Gazi, Vanga na kwingineko: bei ya siku iandikwe ubaoni kabla vyombo havijaingia, isitajwe baada ya samaki kuwa chini. Mizani iwe moja, ya kikundi, na ikaguliwe. Hesabu za ada ya bandari zisomwe barazani kila mwezi kwa sauti, na mama karanga wawe kwenye kamati kwa idadi inayosikika, si mmoja wa kupiga naye picha.

Kwenu matajiri: kopesheni, Mungu awazidishie. Lakini kila deni liwe na daftari mbili, moja kwako na moja kwa mvuvi, na shahidi asiyedaiwa na yeyote kati yenu. Mvuvi akimaliza kulipa, awe huru kuuza anakotaka. Mkishindana kwa bei nzuri badala ya kushindana kwa madeni, wavuvi watabaki kwenu kwa hiari.

Kwenu wavuvi: dawa ya deni ni kulipa. Anayeuza samaki baharini kwa siri ili kumkwepa tajiri aliyemsitiri wakati wa kusi, huyo naye anapunja. Haki haiwi ya upande mmoja.

Na kwetu sote, tunaosimama pembeni: tuache kuwa mashahidi wa kulishwa. Usichukue bahasha ya mtu ambaye kesho utatakiwa kumuuliza hesabu. Hali ni ngumu, najua, wala simlaumu mwenye njaa. Namlaumu mwenye shibe anayekaa kimya ili aendelee kualikwa. Kesho vyombo vikiingia, sogea karibu na mizani, utazame. Ukiona sivyo, sema, tena sema mbele ya watu.